Kilo za Shirika, Kilo za Mashindano

Wanaomfahamu Mama Bucha watakwambia hana adui duniani ila mizani. Hapo wanaionea mizani bure, maana miaka nenda miaka rudi mizani ndiyo inayomlisha. Asubuhi utamkuta nyuma ya meza ya bucha yake, aproni ya plastiki kiunoni, kisu mkononi, na kidole chake kidogo cha kushoto kimejizoesha kupumzika pembeni ya sahani ya mizani kila nyama inapowekwa. Ukimwambia, "Mama Bucha, kidole," atakitazama kama vile ni cha jirani, atakiondoa, kisha atakuongezea kipande cha mfupa kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa. Jioni huvua aproni, husugua mikono kwa limau, huvaa suruali ya mazoezi yenye mistari pembeni, na kwenda kuwalea watoto wa watu.

Malezi hayo yalifanyika katika ghala la zamani la saruji, makao ya shirika la hisani liitwalo Bega Juu. Shirika lilifundisha mieleka na tabia njema kwa watoto wa mitaa ile ambayo maji hutoka siku yanapojisikia. Katikati ya ghala kulikuwa na mkeka wa buluu wa mazoezi, uliopasuka mara nyingi na kuungwa kwa gundi ya viatu, na ukutani palining'inia bango kubwa: Hakuna Mtoto wa Kulala Njaa, Hakuna Mtoto wa Kulala Chali. Kwenye mieleka, mabega yako mawili yakigusa chini umekwisha, ndiyo maana ya hilo la chali. Maneno yale aliyatunga Mkurugenzi mwenyewe, mtu mwembamba wa maneno manene, ambaye hajawahi kupigana mieleka na kitu chochote zaidi ya tai yake.

Kila Jumatano kulikuwa na kikao kilichoitwa Moyo kwa Moyo. Mtoto na mlezi wake walikaa kwenye viti viwili vinavyotazamana, mtoto akaulizwa ndoto zake. Watoto si wajinga. Walikwisha ng'amua kwamba anayejibu "daktari" hupigwa picha, na anayejibu "sijui" huongezewa muda wa kukaa pale, kwa hiyo mtaa ule ukawa na madaktari watarajiwa wengi kuliko wagonjwa. Mama Bucha hakuwa na subira na ndoto za mtu. Yeye aliuliza swali moja tu: "Umekula nini leo?" Mkurugenzi alipopita akalisikia, machozi yalimlengalenga, akasema huyo ndiye mlezi wa kweli. Hakujua kwamba ukijibu "wali", mlezi wa kweli anakukimbiza kulizunguka ghala mpaka wali ule ujute.

Ugomvi wake na chakula ulianza zamani. Alipokuwa msichana, Mama Bucha alikuwa mwanamieleka wa kuogopwa. Aliwabwaga kaka zake wote, akawabwaga binamu, na kijana mmoja aliyekuja kumposa alibwagwa kwa utani tu na hakuonekana tena. Akachaguliwa kwenda mashindano makubwa, ya kupanda ndege. Siku ya kupimwa uzito akakutwa amezidi, akarudishwa nyumbani na mfuko wake wa nguo. Amezidi kiasi gani, inategemea siku unayomuuliza. Akiwa na furaha ni nusu kilo. Akikasirika ni robo. Kuna msiba mmoja aliuhudhuria, na baada ya chai ya pili uzito uliozidi ulibaki kama wa hereni. Kisichobadilika kwenye hadithi ni kwamba usiku wa kuamkia safari alikula kipande cha mkate, na mkate ule hajausamehe mpaka leo.

Akaolewa na fundi cherehani, mwanamume mpole aliyezungumza na vitambaa zaidi kuliko watu. Ukimsalimu asubuhi atakujibu akishatoa pini mdomoni, na wakati huo ni adhuhuri. Wakapata watoto wawili wa kiume, wote wenye vifua vipana, na Mama Bucha akajipiga kifua kwamba sasa damu yake itasikika. Watoto wakakua, wakaichukia mieleka kwa kauli moja, na wakaenda zao kujifunza kutengeneza kompyuta. Mama Bucha aliumwa kichwa kwa muda wa wiki nzima.

Ndipo mdogo wake, aliyepata kazi za ndani mji wa mbali, akamleta binti yake akae kwa mama yake mkubwa. "Dada, mlee kama wako," alisema mdogo mtu huku analia. Mama Bucha alimzunguka yule mtoto taratibu, akamshika mkono wa juu, akamshika bega, akampima mapaja kwa macho jinsi anavyopima mbuzi wa kuletewa, kisha akasema, "Huyu namlea." Mdogo wake aliondoka amefarijika sana.

Mtoto alikuwa mwepesi wa mwili na mwepesi wa akili. Aliwapenya wenzake miguuni kabla hawajajua ameinama, wakamwita Sindano, na jina likamganda. Alipofika miaka kumi na mitatu akatwaa medali ya vijana katika uzito wa chini ya kilo arobaini na sita. Mwaka uliofuata akaitwaa tena. Medali zote mbili zikatundikwa sebuleni juu ya televisheni, na mgeni yeyote aliyeingia mle, hata yule wa kusoma mita ya umeme, hakutoka bila kusimuliwa.

Sasa hapa ndipo hasira zinaponipanda kidogo. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anakuwa wa kumi na minne, wa kumi na minne anakuwa wa kumi na mitano. Anarefuka, gauni lililofika kisigino linakuwa la magoti. Kilo zake je? Arobaini na sita. Mama Bucha alizishikilia pale pale. Katika nyumba iliyonukia nyama toka sebuleni hadi uani, mtoto wa humo alipakuliwa chakula kwenye kisahani cha kikombe: mboga za majani, kipande cha nyama kisicho na chembe ya mafuta, basi. Akichungulia sufuria anaambiwa, "Unatafuta nini humo? Medali haimo." Kila alfajiri, kabla hajanywa hata maji, alipandishwa kwenye mizani ndogo ya bafuni iliyokaa chini ya kitanda cha mama yake mkubwa. Mshale wa mizani ukisimama panapotakiwa anapigwa begani kwa upendo. Na msidhani ni utani, alimpenda kweli. Alimkanda misuli kwa mikono yake, akamnunulia viatu vya mieleka kabla ya kujinunulia vya kanisani, na mtu akimsema vibaya yule mtoto pale sokoni alirudi nyumbani bila nyama na bila heshima. Alimpenda mno, na njaa akampa vilevile.

Mwaka ule kukawa na jambo. Mashindano ya vijana yaliletwa kwenye ukumbi wa michezo wa mji wao, na ikatangazwa kwamba mshindi wa kila uzito ataingia timu ya vijana ya taifa na kwenda kushindana nje, yeye na kocha wake. Mama Bucha aliposikia "na kocha wake" hakungoja sentensi imalizike. Alinunua begi la magurudumu, na jioni alilikokota chumbani, kitandani hadi dirishani, dirishani hadi kitandani, ili asije akaonekana mshamba huko aendako. Mumewe alinyanyua miguu kila begi lilipopita.

Balaa ni kwamba Jumamosi hiyo hiyo, ukumbini hapo hapo, Bega Juu walikuwa na Sherehe ya Kilo.

Sherehe hii ni ubunifu wa Mkurugenzi. Wafadhili wa shirika hutoa unga, maziwa na maharage ya kuwalisha watoto baada ya mazoezi, na mtu anayetoa maharage hutaka kujua maharage yamekwenda wapi. Basi kila mwaka hualikwa mgeni, huwekwa mizani kubwa jukwaani, watoto hupanda mmoja mmoja, mgeni husoma kwa sauti kilo za mwaka huu, Mkurugenzi husoma za mwaka jana, na ukumbi hupiga makofi kwa tofauti iliyopatikana. Ni sherehe nzuri kwa watoto wa kujifunza kuimba. Kwa watoto wa mieleka, ambao kilo moja ikizidi wanatupwa kwa majitu, ni sherehe ya vichaa. Lakini hakuna aliyemwambia Mkurugenzi, kwa sababu Mkurugenzi ndiye aliyekuwa na funguo za stoo ya maharage.

Alimwita Mama Bucha ofisini, akamfungia mlango na kumkaribisha kiti.

"Mama yangu," alianza kwa sauti ya asali, "huyu Sindano ndiye uso wa shirika. Picha yake iko kwenye kalenda. Mwaka juzi alikuwa na kilo ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Mwaka jana?"

"Arobaini na sita."

"Na mwaka huu?"

"Arobaini na sita!" alijibu Mama Bucha kwa fahari, kama aliyepata zote kwenye mtihani.

Mkurugenzi akashika tama. "Mama, sisi tunalisha watoto. Mgeni ataniuliza, huyu mnampa maharage au mnamwonyesha?"

"Mimi nafundisha mieleka, baba. Kushinda anashinda, mnataka nini tena?"

"Kushinda hakuna kilo. Angalau tatu, mama. Mtoto wa umri wake, miaka miwili, kilo tatu ni adabu tu."

"Na mashindano je? Kilo tatu hizo nikazitupe wapi mchana wake?"

Mkurugenzi alisimama, akafungua dirisha, akatazama nje muda mrefu. "Mimi sikwambii udanganye," alisema bila kugeuka. "Nasema tu kwamba, kwa neema ya Mungu, wewe ni mtu wa mizani."

Mama Bucha alielewa mara moja, kwa sababu lugha hiyo anaizungumza tangu ujana. Alipofika bucha akafungua kabati la chini, akatoa mawe ya chuma ya mizani ya zamani, ya kilo moja moja, matatu. Akaenda nayo nyumbani amefunga kwenye gazeti, akayaweka mezani kwa mumewe, kishindo kikamwamsha paka.

"Nishonee mkanda," alisema. "Wa kufunga kiunoni, ndani ya nguo za mazoezi. Mifuko mitatu. Usionekane."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja, nyingine, zote. "Mtoto atabeba chuma?"

"Dakika mbili tu, mgeni asome, basi. Arobaini na sita na tatu, arobaini na tisa. Mgeni anafurahi. Mchana tunavua, anarudi arobaini na sita yake, anapigana, tunapanda ndege."

"Na chakula atabeba lini?"

"Wewe shona!"

Fundi akarudisha pini mdomoni, akashona. Sindano alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunja vipande vya nguo. Alimtazama baba yake mkubwa, na baba yake mkubwa akazidi kuitazama cherehani.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Upande mmoja palitandikwa mikeka ya mashindano, marefa wakipita na filimbi zao. Upande wa pili Mkurugenzi alikuwa ametandika zulia jekundu jukwaani, na juu yake mizani ya shirika, imefutwa mpaka inang'aa. Mgeni wa heshima alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba, mmoja wa wale watu wanaokuja kwa nia njema kabisa na kuacha kila mtu ametapeliwa. Watoto wakapanda. Huyu kaongeza kilo nne, makofi. Huyu tano, vigelegele. Mvulana mmoja alishuka mizanini huku mfuko wa suruali unagongana na goti, kwa hiyo Mama Bucha akajua kwamba si yeye peke yake aliyeitwa ofisini na kukaribishwa kiti.

Zamu ya Sindano ikafika. Alipanda taratibu, mkanda umekaa vizuri, fundi hana mpinzani mjini kwa kazi ya ndani ya nguo. Mama Bucha alikuwa amesimama chini ya jukwaa, mikono imekunjwa kifuani, akitabasamu tabasamu la arobaini na tisa.

Mgeni akavaa miwani, akainama. "Hamsini na moja na nusu!"

Ukumbi ulilipuka. Mkurugenzi aliruka, tai ikampiga usoni. "Kutoka arobaini na sita!" alipiga kelele. "Kilo tano na nusu! Hayo ndiyo maharage yenu, mheshimiwa!" Watu wakasimama, wakashangilia, mama mmoja ambaye hamjui hata Sindano akabubujikwa na machozi. Katika ukumbi ule wote ni mtu mmoja tu aliyebaki kinywa wazi. Aliyapima mawe yale mwenyewe. Chuma ni kilo tatu. Ukitoa tatu kwenye hamsini na moja na nusu, kilichobaki si mizani iliyokosea wala si viatu. Kilichobaki ni mtoto, na mtoto huyo hakuwa na kilo arobaini na sita.

Mgeni wakati huo alikuwa amefungua karatasi ya ratiba. "Lakini Mkurugenzi," aliuliza kwa upole, "hapa imeandikwa mchana huu atapigana uzito wa chini ya arobaini na sita. Si ndiyo kwanza nimemsoma hamsini na moja?"

Mkurugenzi hakupepesa hata jicho. "Ah, mheshimiwa, hizo ni kilo za mashindano," alisema. "Hizi ni kilo za shirika."

Mgeni aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa, jambo linaloonyesha kwamba naye alilelewa vizuri.

Mama Bucha alimvuta Sindano hadi chumba cha kubadilishia nguo, akamfungua mkanda kwa pupa mpaka jiwe moja likaanguka na kuvunja kigae. Mle ndani kulikuwa na mizani ya marefa iliyowekwa ili kila mmoja ajijaribu kabla ya kuitwa mezani. Akampandisha. Arobaini na nane na nusu. Akamshusha, akampandisha tena. Arobaini na nane na nusu. Akapanda mwenyewe, akatazama, akashuka haraka na hakumwambia mtu.

"Nyumbani leo asubuhi ulikuwa arobaini na sita! Kwa macho yangu!"

"Ile ya nyumbani niliigeuza mimi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa fundi, ameleta sare za watoto alizozirekebisha zipu. Hakuwa na pini hata moja mdomoni, na mkewe alipoona hivyo akajua kwamba leo kuna maneno.

"Chini yake kuna kigurudumu cha kusogezea mshale," alieleza fundi. "Nilikuwa nakigeuza kidogo kidogo, kadiri mtoto anavyoongezeka. Mayai na viazi. Akitoka shule, kabla hujafunga bucha."

"Wewe! Ndani ya nyumba yangu! Unanichezea mizani, mimi?"

"Nilimkuta anakula chaki," alisema fundi. "Ile yangu ya kuchorea nguo. Ameishika hivi, anaitafuna kama biskuti. Nikaona basi."

Mtu mwingine angekaa chini hapo. Mama Bucha hakukaa. "Watoto wote wanakula chaki!" alifoka, na mpaka leo sijui hilo alilitoa wapi. Kisha akachomoa kwenye begi lake mfuko mkubwa wa plastiki, ule wa kubebea utumbo, akatoboa tundu la kichwa na ya mikono. "Vaa hii. Juu yake sweta. Unazunguka ukumbi mpaka jasho liishe mwilini. Kilo mbili na nusu zinatoka, mimi nimeshawahi kuona zinatoka. Haya!"

Sindano aliuangalia mfuko, hakuupokea. "Mama mkubwa, sikimbii."

"Unasemaje?"

"Kupigana nitapigana. Kukimbia sikimbii. Nina njaa."

"Njaa! Umejaza kilo mbili na nusu tumboni, bado una njaa?"

"Hizo nimekula za mwaka mmoja," alisema Sindano. "Bado za mwaka mwingine."

Mama Bucha akamgeukia mumewe. "Unasikia majibu? Ndiyo mayai hayo!" Akambembeleza mtoto, akamtisha, akamkumbusha viatu, akamkumbusha mama yake aliye mbali, akamweleza habari ya ndege na chakula kinachogawiwa humo, kisha akagundua kwamba hoja hiyo haimsaidii. Mtoto alisimama pale pale, mpole, viatu mkononi, mkaidi wa ukoo mzima. Mlango ukagongwa. Meza ya uandikishaji inafungwa.

Refa wa mezani hakuinua kichwa. "Sindano wa Bega Juu. Kocha, uzito gani?"

Ningependa kuwaambia kwamba moyo wa Mama Bucha ulilainika pale mezani, akatazama mifupa ya shingo ya yule mtoto na kujua alilolifanya. Haukulainika. Alitazama saa ya ukutani, akaona imemshinda. Angemwandika chini ya arobaini na sita wangempima na kumfukuza mbele ya watu, na yeye kufukuzwa kwenye mizani alishafukuzwa, hakuwa na hamu ya kurudia.

"Chini ya arobaini na tisa," alisema kwa kinyongo. "Akakione cha mtema kuni."

Pambano la kwanza Sindano alishinda upesi. Mama Bucha alikunja uso, kwa sababu lilikuwa linamharibia hoja. La pili, ndilo la fainali, alikutanishwa na binti mmoja mwenye mabega mapana kama mlango, ambaye wenzake walimwita Kabati, na jina halikuwa la kumsingizia. Kabati alimnyanyua Sindano mwanzoni kabisa akamrusha, ukumbi ukaguna. Sindano akaviringika, akaanguka kwa tumbo, akasimama. Akapenya miguuni, akapata alama. Akakamatwa kiuno, akapoteza alama. Akapenya tena. Raundi ya pili ilikuwa ndefu na mbaya, watu wawili wanasukumana vichwa, wanahema kama punda wa mlimani, na kila Kabati alipojaribu kumlaza chali, yule mtoto aligeuza bega lake la mwisho juu na kutoka. Mama Bucha alisahau kwamba amenuna. "Kushoto! Kushoto! Miguu! Shika miguu, we mtoto! Toka! Tokaaa!" Sauti yake ilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Filimbi ilipopigwa, Kabati alikuwa mbele kwa alama moja. Refa akaunyanyua mkono wake.

Basi, imekwisha. Timu ya taifa imekwenda na Kabati na kocha wa Kabati. Katika uzito wa chini ya arobaini na sita, medali ilichukuliwa na msichana ambaye Sindano alimlaza mwaka jana kabla watazamaji hawajakaa vizuri, na habari hiyo ilipotangazwa kwenye kipaza sauti Mama Bucha alisaga meno. Hotuba ilimjaa kifuani. Ilikuwa na sehemu ya mtoto asiyesikia, sehemu ya mume msaliti, sehemu ya shukrani za siku hizi, na alikusudia kuitoa yote hapo hapo, mgeni wa heshima apende asipende.

Sindano alitoka mkekani anayumba kwa uchovu, mdomo umepasuka kidogo, jasho linamdondoka kidevuni. Alikuwa anacheka.

"Unacheka nini?" Mama Bucha alimpokea. "Umeshindwa! Hujaona umeshindwa?"

"Nimekuona, mama mkubwa."

"Umeniona nini?"

"Pale. Umepanda juu ya kiti, baba mkubwa amekushika suruali usidondoke. Nimekuona kabisa, mpaka mdomo." Akacheka tena, akajifuta kidevu. "Sikujua kama huwa unapanda kiti."

"Sasa kwani siku zote huwa huangalii?"

"Naangalia, lakini sioni. Raundi ya pili ikianza macho yanaingia giza. Nasikia sauti yako tu. Ukisema kushoto nakwenda kushoto, ukisema miguu nashika miguu, mpaka nasikia filimbi." Aliyasema hayo kwa wepesi kabisa, kama mtu anayesimulia njia ya kwenda shule. "Leo giza halikuja. Nimemwona na refa, kumbe ana ndevu."

Fundi aliinamisha kichwa. Hotuba ya Mama Bucha, yenye sehemu zake zote, ilimkaukia mdomoni. Alijaribu kuliona pambano la mwaka jana, lile ambalo amelisimulia sebuleni kwa kila aliyeingia, akamwona mtoto wake anazunguka pale katikati ya watu haoni mtu, anafuata sauti, na sauti yenyewe inamwambia aongeze kasi. Aibu ilimshika vibaya, ya kutamani sakafu ipasuke. Alitaka kusema pole, na neno lenyewe, kwa kutotumiwa, likagoma kutoka.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti yake haikufika hata viti vya mbele.

"Tangu ile medali ya kwanza," alisema Sindano.